Siku Ambazo Kasian Hakupima Mvua

Mheshimiwa mgeni rasmi. Ndugu mkuu wa chuo na walimu mlioondoka Mbeya asubuhi na mapema ili muwe nasi hapa. Baba Paroko, na Shehe wetu wa hapa Mlandege. Viongozi wa ushirika wetu wa wakulima. Wanafunzi ambao kazi ya leo ni ya mikono yenu. Wakulima wenzangu wa Nyololo, na ninyi wa Ruaha Mbuyuni ambao naona mmekuja na vitunguu kama watu wanaokwenda kumposa binti. Wageni waalikwa, mabibi na mabwana: kamwene.

Asanteni. Nimesikia mmeitikia hadi nyuma, moyo umetulia kidogo.

Jina langu ni Tekla. Lakini pale Nyololo ukiuliza Tekla anakaa wapi, watu watakutazama tu. Uliza Mama Pendo, utaletwa hadi mlangoni. Nimesoma mpaka darasa la saba, na kazi yangu ni kushona sare za shule. Hotuba hii nimeiandika mwenyewe kwenye kaunta buku, kwa hiyo mkiona nimenyamaza katikati, msidhani nalia. Huenda nimeshindwa kusoma mwandiko wangu.

Nimeombwa niseme machache juu ya marehemu mume wangu, Kasian, kabla Mheshimiwa hajazindua ukurasa huu wa mtandaoni wenye kumbukumbu zake za mvua. Nimekuja kumsema Kasian. Nimekuja pia na ombi moja, na ombi hilo nitalitoa mwishoni, kwa sababu nikilitoa sasa hamtalielewa.

Mwaka 1991 walikuja kwetu watu wa mradi wa maji. Walikuwa wanatafuta mtu anayejua kusoma namba, asiye na safari nyingi. Wakampata Kasian. Wakachimbia uani kwetu kipima mvua, kopo la shaba lenye faneli juu na chupa ndani, wakampa glasi nyembamba yenye mistari, wakamwambia: kila siku saa tatu asubuhi, mimina maji kwenye glasi, soma, andika, mwaga. Baada ya miaka minne mradi ukaisha. Magari yakaondoka, mahema yakaondoka, kikabaki kipima mvua na Kasian. Hakuna aliyemwambia aendelee. Na yeye, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache, akaendelea, mpaka jumla ikawa miaka thelathini na moja.

Glasi ile haisomwi ukiwa umesimama. Lazima macho yalingane na maji, ndipo usome sawasawa. Kwa hiyo aliiweka juu ya jiwe bapa, akapiga goti la kushoto. Mimi ni fundi cherehani, najua habari za watu kwa nguo zao, na ninawaambia kwamba suruali zote za Kasian, ya shambani na ya kanisani, zilikuwa na kiraka goti la kushoto. La kulia zima kabisa. Nilipokuwa nagawa nguo zake baada ya arobaini, shemeji yangu mmoja aliuliza, "Shemeji, kaka alikuwa anasali kwa goti moja?"

Majirani walimtania sana. Walipita uzioni wakapaza sauti, "Kasian, leo Mungu amekupa ngapi?" Naye anajibu kutoka pale chini, bila kugeuka, "Kumi na mbili nukta nne." "Mwambie aongeze, mahindi yangu yamekunja majani!" "Mimi karani tu, bwana. Malalamiko peleka kwa mkubwa."

Aliandika kwenye kaunta buku. Tarehe, saa, milimita. Siku ambazo nilimpimia mimi, aliandika pembeni herufi T, ili ijulikane ni macho ya nani yaliyosoma. Siku isiyo na mvua aliandika sifuri nukta sifuri. Nanyi wa Nyololo mnajua kiangazi chetu: kuanzia Juni mpaka Oktoba ni sifuri, sifuri, sifuri. Nilimwambia, "Baba Pendo, si unaona mbingu ni nyeupe? Unakwenda kupima nini?" Akasema, "Naona mbingu. Kopo sijaliona." Akaenda, akapiga goti, akakuta pakavu, akarudi, akaandika sifuri.

Shikeni hapo. Sifuri ya Kasian ilipigiwa goti.

Alifariki Februari mwaka 2023. Akaacha kaunta buku thelathini na moja juu ya kabati, zimefungwa kwa kamba ya katani. Je, mjane afanye nini na milimita za miaka thelathini na moja? Nguo unagawa. Jembe unampa kijana. Lakini mvua iliyokwisha kunyesha unampa nani?

Mwaka jana akaja Mwalimu Lutengano, yule pale aliyevaa tai ya kijani, pamoja na binti anayeitwa Nusrat, yule aliyekaa kwenye kompyuta. Walikuwa wamesikia habari za Kasian kwa wakulima wa Mbuyuni, ambao wanalimia maji yanayotoka huku juu kwetu na wanataka kujua mvua zilikuwaje miaka ya nyuma. Mwalimu akasema wanafunzi wake wanajifunza kutengeneza tovuti, wamechoka kujifunzia kwa majina ya uongo na bidhaa za uongo, wanataka kumbukumbu za kweli. Wakapiga picha kila ukurasa. Wakakaa wiki tano Mbeya wanachapa.

Nusrat alipokuja kunionyesha, nilitegemea kuona madaftari yale yale yamehamia kwenye kioo. Akaniambia, "Hapana, Mama Pendo. Namba zimekaa kwenye kanzidata, kama kabati lenye droo. Ukurasa wenyewe haupo mahali. Ukiuomba, ndipo mtambo unakwenda kabatini, unachukua namba, unazipanga kwenye kiolezo, unakuletea." Nikauliza kiolezo ni nini. Akaangalia huku na huku, akaona ukutani karatasi langu gumu la kukatia kola. Akasema, "Kama hilo. Unakata mara moja, kisha kola zote zinafuata." Hapo nikaelewa. Karatasi moja, kola mia tatu. Na kama karatasi limekosewa, je? Kola mia tatu zimekosewa.

Mwalimu naye akanieleza kwamba hawakuanza na kiwanja kitupu, wametumia kitu kinaitwa fremuweki. Nikamuuliza, kama zile fremu za maduka pale Mafinga? Akacheka, akasema ndiyo hasa: unakuta kuta zipo, paa lipo, mlango upo, wewe unaingiza rafu zako na bidhaa zako. Tangu siku hiyo sijaogopa tena neno lile.

Basi tukakaa, mimi na Nusrat, kwenye benchi langu la kushonea, tukausoma ukurasa. Mstari wa kwanza kabisa nikashtuka. Umeandika kwamba Kasian alipima saa tisa usiku. Nikashuka chini: saa tisa usiku. Miaka yote, saa tisa usiku. Nikamwambia, "Binti, mume wangu alikuwa mpima mvua, siyo mchawi." Nusrat akatazama, akashika kichwa. Kasian aliandika saa 3, kama sisi sote tunavyosema, na wao wakachapa tatu kama ilivyo, na mtambo unahesabu kwa saa za Kizungu. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Dakika ile ile akasahihisha kwenye kiolezo, na miaka thelathini na moja ikahamia asubuhi kwa mara moja. Niliona ni kazi nzuri sana. Laiti kola zingesahihishika hivyo.

Kisha tukafika mwaka 2004, mwezi wa nne, na hapo sikucheka.

Ukurasa ulisema kwamba tarehe kumi na tisa na tarehe ishirini hakukunyesha. Sifuri, sifuri. Mimi siku hizo nilikuwa Ilembula namzika mama yangu, na Kasian alikuwa pembeni yangu, na tuliporudi tulikuta ua umekuwa tope na chupa ya kipima mvua imejaa mpaka inamwagika. Nilimuuliza Nusrat, "Hii sifuri kaiandika nani?"

Akasema, "Kwenye daftari palikuwa patupu, Mama. Tukauambia ukurasa, pasipo na namba uweke sifuri, jedwali lisiwe na mapengo."

Nikamwambia, "Mwanangu, patupu na sifuri si ndugu. Sifuri ina maana alikwenda akakuta pakavu. Patupu maana yake hakwenda."

Alizipitia zile sifuri mbili kwa kidole. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo tumemwandikia kitu ambacho hakukiona."

Tukatafuta siku zote zilizo tupu. Katika siku zaidi ya elfu kumi na moja, zilikuwa kumi na moja tu. Mbili za msiba wa mama. Moja, mbuzi wa jirani alipoangusha kopo. Mwenye mbuzi yupo humu ndani, tulishamsamehe. Moja, Kasian alipokuwa na homa nami nimekwenda Mafinga kununua vitambaa. Nne, glasi ilipovunjika akapanda basi kwenda Mbeya kutafuta nyingine, akazunguka siku nne, akarudi nayo ameiviringisha kwenye soksi. Na tatu za mwisho.

Hizo tatu alikuwa hospitalini, nami nimelala chini ya kitanda chake. Siku ya pili aliniuliza, "Leo nani amepima?" Nikamwambia ukweli, "Hakuna aliyepima, Baba Pendo." Nilidhani atasikitika. Akasema, "Basi acha wazi." Siku iliyofuata akafariki. Sasa mnaweza kuelewa kwa nini niliona uchungu ukurasa ulipojaza sifuri siku ile. Februari kule kwetu! Kila mtu aliyekuja mazikoni aliloa.

Tukampigia simu Mwalimu Lutengano. Mwalimu, unisamehe, nitasema yaliyosemwa. Mwalimu alisema, "Mama, wageni watakuja, Mheshimiwa atakuja. Wakiona mapengo watasema ni uzembe. Tukiona sifuri hazifai, tutachukua wastani wa siku za jirani, tutajaza, hata wewe hutagundua." Nikamjibu, "Mwalimu, shikamoo" (ananizidi elimu ingawa nimemzidi umri). Nikasema, "Kama ni hivyo, naomba mumtoe mume wangu kwenye ukurasa huo."

Sikusema kwa hasira. Nilikuwa napasi kola. Lakini nilimaanisha, na naye alisikia kwamba namaanisha. Ni afadhali kumbukumbu za Kasian zirudi juu ya kabati, kuliko ziende ulimwenguni zikisema jambo ambalo yeye hakulisema.

Nusrat hakunishawishi. Alikunywa chai yake, akafunga kompyuta, akaniuliza swali moja tu: "Mama Pendo, Pendo yuko wapi siku hizi? Kaolewa?" Nikamwambia Pendo alifariki akiwa na miaka sita. Akaniomba radhi. Nikamwambia hakuna kosa, jina limebaki kwa kuwa watu wamelizoea, na mimi nafurahi likiitwa.

Siku tatu baadaye simu ikaita. Ni Mwalimu mwenyewe. Akasema, "Mama, fungua ukurasa." Kijana wa duka la simu akanifungulia. Pale palipokuwa na sifuri za uongo, pameandikwa: Haikupimwa. Sehemu kumi na moja: Haikupimwa, Haikupimwa. Mwalimu akasema, "Nimefundisha miaka tisa namna ya kuonyesha kilichomo kabatini. Sikuwahi kufundisha namna ya kuonyesha kisichokuwemo." Ndugu wageni, mwalimu anayeweza kusema maneno hayo kwa mshona sare, akiwa na wanafunzi wake wanamsikiliza, huyo ni mwalimu. Naomba tumpigie makofi.

Hotuba yangu ingeweza kuishia hapo, na ingekuwa nzuri, na mimi ningerudi Nyololo ninasifiwa kwamba ni mwanamke mkweli.

Lakini baada ya kukata simu niliendelea kuusoma ukurasa. Nikaenda mwaka 1998, mwezi wa tatu. Nilikuwa najua ninachokitafuta.

Mwezi ule Kasian alimpeleka Pendo hospitali Mbeya. Mimi nilibaki, nilikuwa na mimba ya miezi minane. Mlangoni aliniambia neno moja, "Tekla, saa tatu." Nikapima. Siku nne, na tumbo lile, nilipiga goti kwenye jiwe, nikasoma, nikaandika kwenye karatasi. Siku ya tano ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na mbili. Usiku ulikuwa wa mvua, asubuhi ikakatika. Saa mbili na nusu nikaona katekista anakuja. Simu ilikuwa imepigwa misheni. Alivua kofia akiwa bado nje ya uzio, na mtu akivua kofia mbali namna ile hahitaji kusema. Watu wakajaa. Saa tatu ikapita. Sikukumbuka kopo, wala hakuna aliyelikumbuka.

Kasian alifika jioni ile na mtoto wetu. Siku ile na usiku wake hakukunyesha hata tone. Ijumaa asubuhi, siku ya kumzika Pendo, tayari amevaa koti lake, alikwenda uani saa tatu akapiga goti. Wale waliokuwepo watakumbuka kwamba baba wa marehemu alisimama kaburini na goti la kushoto lina tope. Wakadhani ameanguka kwa uchungu. Akarudi ndani, akachukua karatasi langu ili anakili, akaona siku nne. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ya jana ilikuwa ngapi?"

Nikasema, "Tano."

Kwa nini nilisema tano? Nimejiuliza miaka mingi. Nilimtazama, mtu amepoteza mtoto, nikaona siwezi kumwambia amepoteza na siku. Nilitaka abaki na kitu kimoja kizima. Akaniangalia kidogo, akaandika. Hatukulizungumza tena mpaka anafariki, miaka ishirini na mitano kasoro mwezi mmoja.

Basi nikaitafuta tarehe hiyo kwenye ukurasa. Ipo. Milimita tano. Na pembeni, kwenye jina la mpimaji, pameandikwa Kasian. Siku nne za nyuma pameandikwa Tekla. Siku ya tano, Kasian. Nikasema moyoni, hapana, Kasian siku hiyo alikuwa njiani kutoka Mbeya amembeba mwanawe. Nikapanda kwenye kiti, nikateremsha daftari la mwaka 1998.

Ndugu zangu, kuna mambo ambayo picha haikuyatoa na wachapaji hawakuyachapa, na siwalaumu. Kasian aliandika kwa kalamu ya wino miaka yote thelathini na moja. Ile tano ameiandika kwa penseli. Na hakuweka T. Siku nne zina T yangu, ya tano haina kitu. Mstari unaofuata, wa Ijumaa, ameandika kwa wino: kumi na nane nukta nne.

Milimita kumi na nane, wakati tangu Alhamisi asubuhi hakukunyesha! Maji yale yalitoka wapi? Yalikuwa ya usiku wa Jumatano, yamekaa humo koponi bila kumwagwa, kwa sababu mimi sikwenda. Alijua. Alijua kabla hajaniuliza. Alipiga goti siku ya kumzika mtoto wake, akasoma kwenye glasi kwamba mke wake hakupima, akaja akaniuliza kwa upole ili nimwambie mwenyewe. Nikasema tano. Hakunisuta. Hakuliandika jina langu kwenye uongo wangu. Akaandika kwa penseli, kitu kinachofutika, akaniachia.

Miaka ishirini na mitano ameniachia. Nami sikufungua daftari lile.

Na sasa kiolezo, kwa nia njema, pasipo na jina kimeambiwa kiweke jina la mwenye kituo. Kwa hiyo leo, Mheshimiwa ukishabonyeza, mtu wa Mbuyuni, mtu wa Mbeya, mtu wa popote, atasoma kwamba tarehe kumi na mbili Machi Kasian alipima milimita tano. Kasian ambaye hakuandika asichokiona. Niliyetishia kuziondoa kumbukumbu hizi kwa ajili ya sifuri za watoto hawa ndiye mwenye namba ya uongo pekee kwenye ukurasa mzima, na imekaa juu ya jina lake.

Sikumwambia Nusrat. Ningemwambia, angeifuta kimyakimya kwa jinsi alivyo mpole, na mimi ningebaki mwema mbele yenu.

Kwa hiyo ombi langu ndilo hili. Mheshimiwa mgeni rasmi, kwa ruhusa yako, kabla hujazindua.

Nusrat, mwanangu, fungua mwaka 1998. Machi. Tuonyeshe hapo ukutani. Shuka. Hapo, tarehe kumi na mbili. Mnaiona ile tano? Imefanana na zote, sivyo? Herufi zile zile, rangi ile ile. Kioo hakijui penseli.

Nenda kabatini, mwanangu, uitoe. Usiweke sifuri. Acha wazi. Na jina la Kasian hapo uliondoe, maana hakuwepo. Kwenye ile ya kumi na tatu waandikie watu kwamba ni maji ya siku mbili, ili mkulima asidanganyike.

Tunamsubiri. Hapana, usiharakishe, watu hawa wana subira, wamekaa kwenye hotuba yangu yote. Basi sasa omba ukurasa upya.

Haikupimwa.

Asante, mwanangu. Futa machozi, kompyuta haipendi maji.

Kwenye daftari nitaiacha ilivyo. Penseli ile ni mwandiko wa Kasian, na ni barua pekee aliyowahi kuniandikia. Mimi sasa ndiye ninayepima, niko kwenye kaunta buku la thelathini na tatu, na nimeanza kuweka kiraka kwenye gauni langu, goti la kushoto. Leo asubuhi, kabla sijapanda gari kuja hapa, nilijua saa tatu itanikuta barabarani. Sikumwagiza mtu. Kwa hiyo mkifungua ukurasa jioni mkaona mstari wa leo, msimlaumu Nusrat wala Mwalimu. Siku ya leo itakuwa wazi, na mnajua nilikuwa wapi.

Za Kasian zilikuwa kumi na moja. Sasa, pamoja na ile ya Pendo, ni kumi na mbili, zimetimia, nami naweza kukaa.

Mheshimiwa, ukurasa ni safi, unaweza kuuzindua. Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza mpaka hapa. Mungu awabariki, na wa Mbuyuni, mvua njema.